Saratani au Mlenda

Hombolo, Jumatano jioni. Upepo tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Nimechoka.

Uchovu wa kazi naujua. Ukilala, unaamka umeuacha kitandani. Huu wa sasa naamka nao, nauvalisha gauni, naenda nao darasani, na nikikaa kitini nao unakaa. Ndiyo maana sijaandika hapa kwa muda mrefu. Wachache mnaopita kwenye blogu hii mmeuliza kama nimehama chuo au nimeolewa. Sijahama, na huyo wa kunioa hajatokea. Nilikuwa napimwa.

Kwa anayepita leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mwalimu wa chuo hapa Hombolo. Nafundisha watendaji wa vijiji na kata namna ya kuendesha vikao: akidi, ajenda, yatokanayo, mengineyo. Naishi nyumba ya chuo. Binti yangu, Sifa, yuko shule ya bweni Mpwapwa, na anachojua ni kwamba mama yake ana vidonda vya tumbo. Baba yake tuliachana siku nyingi na shajara hii haimhusu. Anayenitunza ni mama yangu mzazi, aliyefunga mlango wake kijijini Haneti akaja na kuku wawili, kinu chake, na mfuko wa mlenda mkavu, ile mboga yetu ya majani inayoteleza, kwa sababu haamini kwamba Hombolo kuna mlenda wa maana.

Vidonda vya tumbo ndivyo nilivyodhani hata mimi. Chembe ya moyo ilikuwa inaniuma, nikila vijiko vichache nashiba, nguo zikaanza kunipwaya. Tangu biashara iwe huria, hata huku kwetu hukosi duka la dawa, na kila muuzaji ana lake la kukushauri. Nilimaliza chupa kadhaa za ile dawa nyeupe ya maji, inayoacha ladha ya chokaa mdomoni. Wenzangu ofisini walinisifia kwamba nimepungua vizuri. Nilizipokea sifa, kusema kweli. Mwanamke wa umri wangu haachi sifa ipite bure.

Halafu asubuhi moja nikatapika vitu vya rangi ya kahawa iliyosagwa. Siku ileile nikaenda mjini Dodoma.

Kwenye hospitali moja ya binafsi walinipitisha kamera mdomoni, mpira mrefu mweusi wenye taa mbele. Hicho ndicho kipimo wanachokiita endoskopi. Walinipulizia dawa ya ganzi kooni, nikalazwa ubavu wa kushoto, nikang'ata kidude cha plastiki, machozi yakanitoka bila kulia. Waliona ukuta wa mfuko wa chakula umevimba na kuchubuka. Wakakata vinyama vidogo, wakavipeleka kupimwa Dar es Salaam. Majibu yalichukua muda wake, na yalipokuja yalikuja na jina ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa kwenye msiba wowote: limfoma.

Daktari alinieleza taratibu. Ni bingwa wa matumbo kutoka Dar es Salaam, huja hospitali ile mara mojamoja, anakaa siku kadhaa, anaondoka. Ni kijana, mwenye sauti ya chini, ananiita Mwalimu. Alisema limfoma ni saratani ya mitoki. Mara nyingi huanzia shingoni, kwapani au kwenye kinena, lakini yangu imeota kwenye ukuta wa mfuko wa chakula. Akasema aina yangu ni ya polepole. Nilishukuru kama mtu aliyeambiwa kwamba mwizi aliyeingia ndani ni mpole.

Likabaki swali moja, na ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Imetoka kwenye mfuko wa chakula, au haijatoka?

Kama haijatoka, naanza vidonge vya kuua bakteria waliokutwa mle ndani. Daktari anasema wakifa wao, uvimbe wa aina yangu mara nyingi nao hunywea. Nitakuwa napimwa tena na tena, lakini nitakuwa hapahapa nyumbani, nafundisha, nalala kitandani kwangu. Kama imeshuka kwenye utumbo mwembamba, mpango unabadilika: dripu za saratani, Dar es Salaam, kwa miezi. Nifunge nyumba, Mama arudi Haneti, na Sifa aambiwe ukweli katika mwaka wa mtihani.

Sasa, kamera ile ya mdomoni haifiki mbali. Inaishia mlangoni mwa utumbo mwembamba, na utumbo wenyewe ni mrefu ajabu, umejikunjakunja huko ndani.

"Mwalimu, mlango wa mbele tumeuona," daktari aliniambia, "na wa nyuma tunaweza kuufikia kwa kamera ya kupitia chini. Vyumba vya katikati ndiko hatujaingia."

Akatoa kidonge kwenye mkoba wake. Kikubwa kuliko chochote nilichowahi kumeza, kama kokwa ya zambarau, cheupe, kina kioo upande mmoja. Ndani yake kuna kamera na taa. Unakimeza, kinateremka chenyewe kwa mwendo wa utumbo, kinapiga picha njia nzima, na picha zinapokelewa na kisanduku unachofungwa kiunoni. Mwishowe kinatokea kule vinakotokea vitu vyote. Nilikishika nikakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika kwa mche mmoja wa sabuni. Leo tunauziwa kamera za kumeza. Nchi imetembea, hata kama mimi nimekaa.

Sharti lilikuwa moja. Kuanzia mchana wa siku ya kabla, nisile kitu. Ninywe maji tu, na dawa ya kusafisha tumbo. Utumbo ukiwa na kitu ndani, kamera haioni ukuta. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza onyo. Kama kuna mahali uvimbe umebana njia, kidonge kinaweza kukwama, na kikikwama huenda wakalazimika kunipasua.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu wakati haya yanasemwa. Ya kutokula aliyasikia. Ya kukwama ndiyo aliyoondoka nayo.

Jumapili alikuwa ananiangalia ninavyokwenda chooni na kurudi, na dawa ile inavyonikamua, akitikisa kichwa. Nilidhani ananihurumia. Kumbe alikuwa anapanga.

Jumatatu alfajiri aliingia chumbani kwangu na bakuli.

Mlenda. Mwepesi, umetiwa magadi, hauna nyanya wala karanga, umepoozwa ili usiniunguze.

"Kunywa," akasema. "Kitateleza."

Nikamwambia Dokta amekataza.

"Kwani nimekuletea ugali? Ugali wa uwele wenyewe haushuki bila mlenda, sembuse plastiki! Mjomba wako alikwamwa na mwiba wa perege, nani aliushusha? Shangazi yako mtoto alipogoma kutoka, tulimnywesha nini? Kunywa, mwanangu. Sitaki wakupasue."

Najua mtakavyonishangaa. Mimi ni mtu wa taratibu. Nimewahi kumtoa mtendaji wa kata darasani kwa kuchelewa kikao cha mazoezi, na ana mvi kuliko mimi. Lakini nilikuwa na njaa ya tangu jana yake, na mbele yangu amesimama mwanamke wa miaka sabini na ushee, ameamka kwenye baridi ya Julai kuwasha moto kwa ajili yangu. Sikuwa na nguvu za kubishana. Na kwa kuwa hapa huwa sidanganyi, niseme na hili: mimi pia niliogopa kupasuliwa. Niliogopa kukwama kuliko nilivyoogopa kutoonekana.

Nikanywa bakuli zima. Ulikuwa mtamu kuliko chochote nilichokula mwaka huu.

Hospitali sikusema. Kidonge kilipita kooni kwa funda moja la maji, muuguzi akanisifu kwamba wengine huwatoa jasho. Wakanifunga mkanda na kile kisanduku chenye taa inayowakawaka, wakaniambia nisikae tu, nitembeetembee, nirudi jioni. Mama alikataa kutembea mjini, akasema atanisubiri kwenye benchi la hospitali. Nikajifunga khanga juu, nikaingia barabarani.

Sijui kama mmewahi kutembea mjini mkiwa na kamera tumboni. Nilipita sokoni nikanusa dagaa wanaokaangwa, nikaona nitaanguka. Nikaingia benki kwa sababu kuna viti na kivuli. Mlinzi wa mlangoni akaona taa inapepesa chini ya khanga.

"Mama, samahani. Hicho kinachowaka kiunoni ni nini?"

"Ni cha hospitali, kaka yangu. Nimemeza kamera. Inapiga picha."

Alinitazama usoni kuona kama namtania. Akanitazama tumboni. Halafu, naapa sitii chumvi, akaweka kofia yake vizuri na kufunga kifungo cha juu cha shati. Ndipo akaniruhusu nikae. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa majuma mengi, na nilicheka peke yangu kwenye kile kiti mpaka mama mmoja akahama.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ndiyo tumeitwa kusikia majibu.

Mwalimu mwenzangu alikuwa na safari ya mjini na pikapu yake, akatuchukua. Njia nzima Mama alikuwa mchangamfu, anatuonyesha mizabibu ya watu na kutuambia nani hajui kupogolea. Kuna uchovu wa kusubiri majibu ambao unafanya hata kuitikia "ee" iwe kazi.

Mama alibaki benchini nje, akisema vyumba vya madaktari vinamuumiza kichwa kwa harufu. Nikaingia peke yangu. Daktari akanigeuzia kioo cha kompyuta ili nami nione.

Alianza na mfuko wa chakula, ukuta ule uliochubuka, ambao sasa tumezoeana. Halafu kamera ikateremka. Mwanzo wa utumbo mwembamba ulikuwa wa rangi ya waridi, unang'aa, una vinyweleo laini kama zulia jipya. Nilishangaa kwamba ndani ni mzuri hivyo, na nje nimekaa nalalamikia mikunjo ya shingo. Moyo ukanitulia kidogo.

Halafu picha zikawa za kijani.

Kijani juu ya kijani. Utando unaovutika kutoka ukuta huu hadi ule, mapovu, nyuzi nyuzi. Daktari akasogeza mbele, akasogeza tena, bado kijani. Nilijua atakachouliza kabla hajafungua mdomo.

"Mwalimu, ulikula nini?"

"Mlenda, Dokta."

Akavua miwani. Huyu amekulia kwenye ndizi, upande wa ziwa; sidhani kama amewahi kuuona mlenda vizuri kwenye sahani, na sasa amekutana nao ndani ya mtu. Aliniuliza ni lini. Nikamwambia ni alfajiri ileile, na kwamba ulikuwa wa kusaidia kidonge kiteleze. Sikumtaja Mama. Aliandika jambo, akafuta, akarudi kwenye picha.

Akanionyesha moja aliyoiwekea alama. Kwenye kijani kile kuna kitu kimejitokeza ukutani, cha mviringo, kimefunikwa nusu.

"Hiki kinaweza kuwa uvimbe," alisema. "Au ni donge la mboga limejishikiza. Siwezi kuapa upande wowote."

Saratani au mlenda.

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma njiani. Nilihisi aibu, aibu ya kweli, ile ya mtu mzima aliyekamatwa. Halafu nikahisi hasira na sikujua nimkasirikie nani. Baadaye ikaja hofu, na ndiyo iliyobaki. Kwa sababu kile kitu kilikuwa na umbo. Nimekula mlenda maisha yangu yote na sijawahi kuuona ukikaa hivyo. Lakini pia sijawahi kuuona kutoka upande ule.

Daktari aliniambia hivi. Anaondoka Ijumaa. Kwenye mkoba wake kimebaki kidonge kimoja, kilichokuwa kiende hospitali nyingine, na yuko tayari nikimeze mimi kesho asubuhi. Amekuwa na wasiwasi wa kukwama, lakini kwa kuwa cha kwanza kimepita salama, cha pili nacho kitapita. Ijumaa kabla hajapanda gari atanipa jibu na tutaanza dawa moja au nyingine. Kesho ikiharibika tena, itabidi niende Dar es Salaam kwa kamera nyingine, mpira mrefu zaidi wenye maputo unaosukumwa taratibu mpaka katikati ya utumbo, mtu akiwa amelazwa usingizi. Foleni yake ni ndefu. Na bila kujua ugonjwa umefika wapi hathubutu kuanza tiba, asije akatibu nusu.

"Kuanzia sasa, maji tu na ile dawa," alisema. "Nakuomba, Mwalimu."

Aliniomba. Angenifokea ningejisikia nafuu.

Nje, Mama alisimama aliponiona.

"Kilipita?"

"Kilipita, Mama."

"Hakikukwama popote?"

"Hakikukwama."

Akapiga kigelegele, kifupi, palepale mbele ya dirisha la dawa, wagonjwa wote wakageuka. Akamwambia mwanamke wa pembeni yake, ambaye tayari walikuwa wameshakuwa ndugu, kwamba mwanawe alimeza mtambo na ukateremka kama mlenda, kwa sababu alitanguliza mlenda. Yule mwanamke akamtaka amweleze unavyopikwa. Nami nilisimama pale na mkoba wangu, nikamwacha aeleze. Niliona furaha yake na nikakosa moyo. Nikajiambia nitamwambia tukiwa kwenye gari. Kwenye gari nikajiambia tukifika.

Nilichomwambia njiani ni kwamba kesho narudi, picha hazikutosha. Hilo peke yake. Nusu ya ukweli, na ikazaa matunda yake haraka, kwa sababu tulipofika tu nilijitupa kitandani, na nilipozinduka jua likiwa linaelekea kuzama nikasikia kinu. Nikatoka nje. Mama anatwanga mlenda uwe laini zaidi, magadi ameshayaloweka, chungu kiko motoni. Alikuwa amefikiria mwenyewe na kupata jibu: kama picha hazikutosha, basi kidonge kilikwenda kwa kusitasita, na bakuli moja lilikuwa dogo.

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni.

Nimefundisha watu kwa miaka mingi namna ya kutoa taarifa mbaya kwenye mkutano wa hadhara. Anza na mafanikio, halafu changamoto, mpe kila mtu heshima yake. Hakuna hata kimoja kilichonijia. Nikamwambia hivi hivi.

"Mama, kidonge hakikukwama. Ila hakikuona. Mlenda umefunika njia. Kuna kitu kimejitokeza huko ndani, na Dokta hajui kama ni ugonjwa au ni mlenda wetu."

Nilisema "wetu" makusudi. Haikusaidia.

Aliendelea kukoroga. Nilidhani hajasikia vizuri, nikataka kurudia kwa Kigogo, lakini mwiko ukapunguza mwendo, ukasimama. Akautoa, akaukung'uta ukingoni mwa chungu, akaulaza.

"Kumbe nimemziba macho Dokta," akasema.

"Tumemziba wote. Mimi ndiye niliyekunywa."

"Wewe ni mgonjwa. Mgonjwa hunywa anachopewa."

Nikamweleza yote. Kwamba kesho ndiyo nafasi iliyobaki, kwamba nikikosea tena ni Dar es Salaam, kwamba sharti ni maji tu, hata uji hapana, hata kijiko. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaangalia moto. Hakulia. Mama yangu halii mbele ya watu, na mimi ninahesabiwa kuwa watu. Alipomaliza kusikiliza akaniuliza swali moja.

"Kile walichokiona, kina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole.

Akaipua chungu, akakifunika, akakipeleka kwa jirani chenyewe na kila kilichomo. Nikamsikia akimwambia kimemzidi, wale na watoto. Akarudi mikono mitupu na kuanza kuosha kinu, akikisugua ndani kwa nguvu mpaka nikamwambia basi, Mama, kimetakata.

Nilitaka anilaumu. Ingekuwa nafuu kwetu wote kama angesema, wewe msomi, ulikubali vipi? Hakusema. Anatembea humu ndani kwa hatua ndogondogo kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Namwonea huruma, na huruma yenyewe inanichosha, kwa maana sina pa kuiweka. Huyu ndiye aliyekimbia kazi zake ili nisife peke yangu. Akafanya lile analolijua, kwa mikono yake yote, na ndilo lililoharibu.

Na niandike hili pia, kwa kuwa nisipoliandika leo sitaliandika. Naogopa kesho kuliko nilivyoogopa Jumatatu. Kesho wataona vizuri. Leo bado naweza kusema ni mlenda. Nimelisema mara nyingi tangu nitoke kwa daktari, kimoyomoyo, na kila nikilisema napumua. Kesho hakutakuwa na mboga ya kusingizia. Kama kile kitu bado kiko pale, kitakuwa ni changu.

Nimeshakunywa chupa ya kwanza ya dawa ya kusafisha. Ina ladha ya chungwa lililokufa.

Jua lilipozama nilimwambia Mama apakue ugali wa mchana, uko kwenye hotipoti, na maharage yapo. Akasema ameshiba maji. Nikamwambia mtu mzima hawezi kushinda hivyo, kesho kuna safari, mgonjwa ni mimi, yeye ale.

Hapa lazima nieleze kitu. Miaka ya njaa, mvua zilipotukatia tamaa kule Haneti, tulikuwa tukigawana ugali wa sahani moja, na Mama hakuwa anakaa nasi. Tukimuuliza, Mama mbona huli, alikuwa akisema ameshakula, alikula kabla hatujarudi. Alisema hivyo jioni baada ya jioni, akiwa amesimama mlangoni anafuta mikono kwa khanga kama mtu aliyetoka kula kweli. Tuliamini. Nilikuwa mkubwa, nina Sifa mgongoni, ndipo siku moja nikiwa napika nikaelewa kwamba hakuwa amekula. Sikuwahi kumwambia kwamba najua.

Kwa hiyo nilisubiri aseme ameshakula. Nilikuwa tayari hata kujifanya naamini.

"Sijala," akasema. "Na sitakula mpaka na wewe ule."

"Utaumwa njaa, Mama."

"Inauma sasa hivi. Iache iume."

Alisema akinitazama machoni. Nikachukua vikombe viwili, nikammiminia maji, nikajimiminia na mimi, tukanywa tukiwa tumesimama jikoni, moto ukiwa umeshazimika.

Gari litatupitia kabla jua halijatoka. Tutaondoka wawili, na maji tu tumboni.